Sukari Iko Sawa, Shingo Imekuwa Nyeusi

Mwezi uliopita nilikuwa Tanga kwa kaka yangu. Asubuhi moja nikamkuta wifi yangu uani anamsugua binti yake shingo kwa dodoki. Binti ana miaka 23, amemaliza chuo na anatafuta kazi. Alikuwa ameinama juu ya beseni kama mtoto wa chekechea, macho yamejaa machozi, sijui ya maumivu au ya aibu. "Njoo uone, wifi," mama mtu akaniambia, "shingo kama ya mchoma mkaa, na kila siku naambiwa ameoga." Nikamwomba aache. Nikaipapasa ile ngozi kwa kidole: ilikuwa nene kidogo, laini kama mahameli, na imejaa mikunjo midogo midogo. Uchafu hauko hivyo. Uchafu ungeshatoka tangu dodoki la kwanza.

Kwa kuwa binti alikuwa hajanywa hata chai, tukaondoka papo hapo kwenda kituo cha afya. Akatobolewa kidole, sukari ikasoma 5.1. Mhudumu akaandika, akatabasamu: "Sukari yako nzuri, mwanangu, punguza tu chipsi." Tukarudi nyumbani. Kwa kifaa alichokuwa nacho mezani, yule mhudumu hakukosea, wala simlaumu. Ila hiyo 5.1 ndiyo iliyonifanya nikae niandike.

Insulini ni protini ndogo inayotoka kwenye kongosho. Ndiyo inayoiambia misuli ipokee sukari kutoka kwenye damu, na ndiyo inayolizuia ini lisimwage sukari wakati haihitajiki. Fikiria kituo cha daladala za Mbagala saa kumi na mbili jioni. Abiria ni sukari, magari ni seli, konda ni insulini. Magari yakiwa na nafasi, konda mmoja anatosha. Yakishajaa, abiria wanaingia kwa kusukumwa, na wanahitajika makonda watatu au wanne mlango mmoja. Mtu akipita baadaye akahesabu abiria waliobaki kituoni, atawakuta wachache, aseme usafiri wa leo mzuri. Kipimo cha sukari kinahesabu hao waliobaki kituoni. Usugu wa insulini, yaani mwili kutoitikia insulini mpaka iwe nyingi, uko kwenye idadi ya makonda, na hao hakuna aliyewahesabu.

Kongosho la kijana lina nguvu. Linaweza kuongeza insulini mwaka hata mwaka, pengine miaka kumi na zaidi, na sukari isipande. Siku likichoka ndipo namba inaruka, na sisi tunasema fulani kapata kisukari ghafla. Wakati wote huo insulini iliyozidi inafanya mambo mengine mwilini, na mojawapo ni kuchochea ngozi ikue shingoni, kwapani na kwenye mikunjo. Zipo sababu nyingine za weusi wa namna hiyo, lakini ni adimu. Kwa kijana mwenye tumbo lililotokeza, shingo ile ni majibu ya kipimo cha insulini yaliyoandikwa nje ya mwili, na wifi yangu alikuwa anahangaika kuyafuta.

Kwamba mwenye kisukari cha ukubwani anaweza kuwa na insulini tele, hilo madaktari hawakulijua kwa hakika mpaka mwishoni mwa miaka ya 1950, Rosalyn Yalow na Solomon Berson walipobuni, katika hospitali ya maveterani huko Bronx, New York, njia ya kupima kiasi kidogo sana cha homoni kwenye damu. Kabla yao, mwaka 1936, Harold Himsworth wa London alishaonyesha kuwa wapo wagonjwa ambao miili yao haiitikii insulini. Yalow alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Berson alikuwa ameshafariki. Mwaka 1985 watafiti wa Oxford wakatoa hesabu ya kukadiria usugu wa insulini ambayo hata mtoto wa sekondari anaiweza: chukua sukari ya kabla ya kula (milimoli kwa lita), zidisha kwa insulini ya kabla ya kula (mikroyuniti kwa mililita), gawanya kwa 22.5. Wachukue vijana wawili wenye sukari ile ile ya 5.1. Wa kwanza insulini yake 6, jibu ni kama 1.4. Wa pili insulini yake 20, jibu ni kama 4.5. Kwenye kadi ya kliniki hawa ni mapacha. Ndani ya mwili mmoja anatembea na mwenzake anapanda mlima na gunia mgongoni.

Nilifanya kazi maabara miaka kadhaa kabla ya kuingia kwenye uandishi, na kuna kitu nilichokizoea mpaka nikaacha kukishangaa. Ukishaizungusha chupa ya damu kwenye mashine, chembe nyekundu zinashuka chini, juu yanabaki maji ya njano, angavu. Damu ya baadhi ya watu haikuwa hivyo. Juu palibaki cheupe kizito, kama tui la kwanza. Hayo ni mafuta yanayoelea. Tulikuwa tunaandika kwenye fomu kwamba sampuli ina mafuta, tunaendelea na nyingine. Katika maji hayo hayo zimo protini kwa maelfu, na nyingi kati ya hizo zinaeleza habari za mwili kwa undani kuliko ile rangi ya tui. Leo zinapimika.

Kwa muda mrefu mafuta ya mwilini yalihesabiwa kuwa ghala tu. Aliyeliangusha wazo hilo ni panya. Katika maabara ya Jackson, Bar Harbor, jimbo la Maine, kulikuwa na panya walionenepa kupita kiasi, wasioshiba, na Douglas Coleman akawaunganisha wawili wawili mpaka damu ya mmoja ikapita kwa mwingine. Yule mnene aliyeunganishwa na mzima akapunguza kula, akakonda. Maana yake kulikuwa na kitu kwenye damu ya mzima ambacho mnene hakuwa nacho. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller wakakipata: leptini, protini inayotengenezwa na mafuta yenyewe ili kuuambia ubongo kwamba ghala limejaa. Kampuni ya Amgen ikalipa dola milioni 20 kupata haki za ugunduzi huo. Mwaka 1997 watafiti wa Cambridge wakaeleza habari za watoto wawili wa familia moja waliozaliwa bila leptini inayofanya kazi, na baadaye matibabu ya leptini yakawaletea nafuu kubwa. Ila watoto wa aina hiyo ni wachache mno duniani. Watu wanene walio wengi walikutwa na leptini nyingi, tena nyingi kuliko wembamba. Mafuta yanapiga simu, ubongo haupokei. Dawa iliyotarajiwa haikupatikana kwao.

Protini nyingine, adiponektini, ina kituko chake. Nayo inatoka kwenye mafuta, kwa hiyo ungetegemea mafuta yakizidi nayo izidi. Mwaka 1999 watafiti wa Osaka walionyesha kinyume: mtu akinenepa, adiponektini yake inashuka. Na ikishuka, insulini inapoteza makali. Wengi wanaifahamu kama protini inayolinda, na tafiti za vijana zimeendelea kuonyesha picha hiyo hiyo: adiponektini chini, leptini juu, insulini juu, miaka mingi kabla ya sukari kupanda.

Lakini protini inayonigusa zaidi haitoki kwenye mafuta. Inatoka kwenye ini, inaitwa SHBG, na kazi yake ni kuzibeba homoni za jinsia kwenye damu na kuzishikilia zisizurure. Ini likiingia mafuta na insulini ikizidi, SHBG hupungua. Ikipungua, homoni ya kiume, ambayo kila mwanamke anayo kwa kiasi chake, inabaki huru. Insulini hiyo hiyo inazisukuma ovari zitengeneze nyingine zaidi. Siku ile, tukirudi kutoka kituo cha afya, kwenye bajaji, binti wa kaka yangu aliniambia kwa sauti ya chini: "Shangazi, sijaona siku zangu miezi minne." Kisha akafungua pochi akanionyesha wembe. Ananyoa kidevu kila asubuhi kabla mama yake hajaamka. Alikuwa ameshaamua moyoni kwamba amerogwa, au kwamba hatazaa.

Shingo, kidevu, hedhi iliyopotea na nguo zinazobana tumboni: nyumbani kwake yalikuwa mambo manne, kila moja na aibu yake. Kwenye damu ni jambo moja. Mwaka 2009 utafiti katika jarida la tiba la New England ulionyesha kuwa SHBG ikiwa chini, uwezekano wa kupata kisukari cha aina ya pili unakuwa mkubwa, kwa wanawake na kwa wanaume. Nilipomweleza hayo binti yule hakuuliza habari za kisukari. Aliuliza, "Kwa hiyo sikurogwa?" Hata protini hizi zisingekuwa na faida nyingine yoyote, mimi ningezishukuru kwa swali hilo peke yake.

Sasa nina wasiwasi na jambo jingine. Siku hizi kwenye makundi ya WhatsApp yanazunguka matangazo ya vifurushi vya kupima damu, vyenye majina marefu ya protini, na bei inayolingana na kodi ya chumba ya miezi miwili. Kijana anatuma hela, anarudishiwa karatasi yenye mishale ya juu na ya chini, hana wa kumsomea. Kabla hujatoa hela yako, jua historia ya resistini. Ilitangazwa mwaka 2001 na watafiti wa Pennsylvania, na jina lenyewe lilitokana na usugu wa insulini. Kwa panya ilitoka kwenye mafuta na hadithi ikakaa sawa. Kwa binadamu ikaonekana inatoka zaidi kwenye seli za kinga, na uhusiano wake na usugu wa insulini haukuwa thabiti kama ulivyokuwa kwa panya. Mfano mwingine ni CRP, protini inayotolewa na ini wakati mwili una uvimbe au maambukizi. Watu wanene huwa nayo juu kidogo, na kwa miaka mingi ilishukiwa kuwa inaharibu mishipa ya moyo. Wanasayansi walipowapima watu waliozaliwa na vinasaba vya CRP ya juu, hawakuwakuta na maradhi zaidi. Ukifika msibani ukakuta waombolezaji wamejaa, huwezi kusema wao ndio waliomuua marehemu. Na katika nchi zetu CRP inapandishwa na malaria, na jino bovu, na kidonda cha mguuni. Ukisoma karatasi ya mtu wa Muheza kwa miwani ya mtu wa Boston utamtibu ugonjwa asiokuwa nao.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Mashine za kisasa zinapima protini maelfu kwa tone moja. Mradi mkubwa wa Uingereza unaoitwa UK Biobank ulichapisha mwaka 2023 vipimo vya protini karibu 3,000 kutoka kwa watu zaidi ya 54,000, na kutokana na hazina hiyo zinatengenezwa hesabu za kubashiri nani ataugua kisukari. Ni kazi kubwa na ninaiheshimu. Lakini waliojiunga walikuwa na miaka 40 hadi 69, na wengi mno ni Waingereza weupe. Mradi wa AWI-Gen, unaochunguza vinasaba na maradhi kama kisukari, ambao ni wetu Waafrika, umefanyika Kenya, Ghana, Burkina Faso na Afrika Kusini, na jijini Nairobi umewafikia watu wa Korogocho na Viwandani. Nao walengwa wake walikuwa wa miaka 40 hadi 60. Utafiti maarufu wa vijana ni CARDIA wa Marekani, unaohusu maradhi ya moyo, uliowachukua watu 5,115 wa miaka 18 hadi 30 mwaka 1985 na 1986, weusi na weupe, ukawafuatilia mpaka wakawa wazee. Ni wa Birmingham, Chicago, Minneapolis na Oakland. Mtafute binti wa miaka 23 wa Tanga katika orodha hizo zote, humkuti.

Je, kuna tofauti? Ipo, na si ya kubuni. Afrika Kusini imeonekana mara kwa mara kuwa wanawake weusi wana mafuta machache ya ndani ya tumbo kuliko weupe wa unene ule ule, na hata hivyo usugu wao wa insulini ni mkubwa zaidi. Hesabu iliyojengwa juu ya mafuta ya tumbo la Mzungu inampita huyu pembeni. Kipimo cha HbA1c, ambacho kimsingi ni protini ya damu iliyogandwa na sukari, kinategemea chembe nyekundu ziishi muda wake wa kawaida. Mwenye kurithi upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, anaweza kusomeka chini kuliko sukari yake halisi, na mwenye kinasaba kimoja cha seli mundu vilevile. Vinasaba hivyo ni vya kawaida Pwani na Kanda ya Ziwa, kwa sababu ndivyo vilivyowakinga babu zetu na malaria. Waafrika waliohamia Marekani walipochunguzwa kwa kunywa glukosi, karibu nusu ya wenye sukari isiyo sawa walikuwa wamepita salama kwenye HbA1c.

Hata futi ya kiuno tumeazima. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilipoweka mipaka yake, Waafrika wa kusini mwa Sahara waliambiwa watumie ya Wazungu, sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, mpaka takwimu zao zipatikane. Zilipokusanywa, watu wapatao 24,000 kutoka tafiti 17 za Afrika, mpaka ukaangukia kama sentimita 81 kwa wote, wanawake na wanaume. Mwanamume wa Kiafrika mwenye kiuno cha 88 alikuwa anaambiwa bado yuko salama. Kama kosa la ukubwa huo lilikaa kwenye futi, kitu ambacho kila mtu anakiona kwa macho, kwenye protini 3,000 tusizoziona litakuwa kubwa kiasi gani? Baadhi ya mashine hizo zinatumia kingamwili kuinasa kila protini. Protini ikiwa na umbo tofauti kidogo kwa sababu ya kinasaba cha kwetu, kingamwili inaweza kuikosa, na karatasi ikasema iko chini wakati ipo tele.

Kwa hiyo ninachokidai ni vijana wetu waingizwe kwenye utafiti sasa hivi, wakiwa na miaka 18, 20, 25, kabla kongosho halijachoka. Uganda imeonyesha inawezekana: jamii ya Kyamulibwa imekuwa ikifuatiliwa tangu 1989, na kutoka kwao zimepatikana taarifa za vinasaba ambazo dunia nzima inazitumia. Vyuo vyetu vikuu vinapokea maelfu ya vijana kila mwaka na kuwapima afya wakati wa kujiunga. Ile damu inayotolewa siku hiyo, kwa ridhaa yao, ingeweza kutunzwa. Inahitaji majokofu ya nyuzi 80 chini ya sifuri na jenereta lisilokosa mafuta, maana umeme ukikatika usiku mmoja kazi ya miaka mitano inageuka maji. Ni gharama. Lakini Shirikisho hilo hilo la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kuwa Waafrika milioni 24 wanaishi na kisukari na zaidi ya nusu hawajijui, na Kenya, katika utafiti wake wa kitaifa wa 2022, ilikuta zaidi ya wanne kati ya kila wanawake kumi wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliopitiliza au kiribatumbo. Kuwasafisha hao figo kutagharimu kuliko majokofu.

Wakati tunasubiri, yapo ya kufanya bila mashine. Mhudumu ainue kola ya kijana atazame shingo. Amuulize binti habari za hedhi, faraghani, mama akiwa nje. Azungushe futi kiunoni. Tiba ya hatua hii nayo inajulikana: mwaka 2002 Marekani, katika utafiti wa watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa inaanza kupanda, waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 58, wakawashinda waliomeza metformini, dawa ya kisukari, waliopunguza kwa asilimia 31. Uzito ukishuka, adiponektini hupanda, na mara nyingi SHBG nayo hupanda. Kazi kubwa iko nyumbani, ambako bado tunasema "umependeza, umenawiri" kwa kila anayeongezeka, na aliyepungua tunamnong'ona. Naijua asili yake. Kizazi changu kiliwazika watu waliokonda, na macho yetu yakajifunza kuuogopa wembamba. Sijui nani atawafundisha upya, ila najua mtoto hawezi kukata uzito katika nyumba inayomhesabia mifupa.

Jumamosi ile, kabla sijarudi Dar es Salaam, tulipitia kwa fundi cherehani kupima sare ya harusi ya jirani. Fundi ni mzee wa makamo, anamshonea binti tangu yuko sekondari. Akavuta futi kamba, akapima, akanyamaza, akapima tena. Kisha akafungua daftari lake la kurasa zilizochakaa kuangalia vipimo vya zamani. Mwaka 2021, kiuno 76. Mwaka 2023, 85. Akaandika cha siku hiyo chini yake: 97. "Kitambaa hiki hakitoshi, mwanangu," akasema kwa upole, "ongeza mita moja."

Binti aliyatazama yale maandishi muda mrefu. Halafu akatoa simu, akamwomba fundi ruhusa apige picha kurasa zile, ili Jumatatu aende nazo kliniki.